Usikalie kiti hicho Ijumaa (jibu kwa mama mtoto wa Mkomani)

Ijumaa usiende kwa msusi. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma ulichoandika mara mbili, ya pili nimejishika kichwa pale palipokuwa na nywele. Una mtoto wa miezi minne, ukichana zinatoka mafundo, juu ya masikio ngozi imeanza kuonekana, na dawa uliyoipata ni usukwe rasta ndogondogo zivutwe mbele zifunike, kisha upake mafuta ya yule dada wa mtandaoni mpaka harusi ya mdogo wako ipite. Shoga yangu, mimi nilifanya hayo hayo, kwa sababu hiyo hiyo ya harusi. Leo paji langu la uso linaanzia Langoni, hapa Lamu mjini, linaishia kijiji cha Shela.

Cheka, nimekuruhusu. Mimi nilianza kucheka zamani ili watu wasinitangulie.

Kwangu vilianza vipele. Juu ya sikio la kushoto, pale nywele zinapoanzia, vilitoka vidogo vyeupe kama ufuta, kimoja kwa kila rasta. Ukitazama kwa kioo unaona ngozi yenyewe imeinuliwa, kama turubai lililovutwa na kamba. Kulala ubavu sikuweza. Nililala nimekaa, mto nyuma ya shingo, vidonge viwili vya maumivu tumboni. Siku ya tatu nikarudi kwa msusi kumwonyesha. Akavipapasa, akatabasamu, akaniambia: "Hivyo ni vinywele vipya vinasukuma kutoka."

Nami nikafurahi! Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kuwa zinaota. Usaha nilikuwa nikiuhesabu kama mavuno. Mpaka leo nikikutana na yule msusi sokoni huwa ninainama kukagua samaki, hata kama sina pesa ya samaki, maana nikifungua mdomo nitamwaga mambo mbele za watu.

Vile vipele ni shimo la nywele limevimba kwa kuvutwa usiku na mchana, wiki sita mfululizo. Likivimba na kupona, likavimba tena, mwisho linafanya kovu, na juu ya kovu haioti kitu, kama vile sakafu ya chokaa isivyoota mchicha. Ukiacha mapema zinarudi. Ukichelewa, maji yameshakupwa na jahazi limekaa mchangani.

Na sisemi kosa langu lilikuwa kusuka. Sote tumesukwa tangu wadogo tukiwa tumebanwa katikati ya magoti ya shangazi. Kosa lililonimaliza ni kusukia juu ya pengo ili nilifiche. Kila pengo lilipokua, msusi alichukua nywele za nyuma kidogo, akaunganisha, akazivuta mbele. Nywele chache zikabeba mzigo uliokuwa ukibebwa na nyingi. Nazo zikachoka, tukarudi nyuma tena. Miaka miwili hiyo! Nimepima kwa vidole: vitatu vizima. Katikati ya hapo nikatamani nywele za singa, nikatiwa dawa ya kulainisha Jumatatu na rasta Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, wakati nywele iliyotiwa dawa ndiyo dhaifu kabisa ya kuvutwa. Kisha harusi ya binamu nikabandikwa za gundi. Gundi ilipotoka haikutoka peke yake.

Unajua harusi zetu. Buibui likivuliwa ukumbini macho yote yanakwenda kichwani. Siku ile bibi harusi anatolewa nje nilikuwa na kikuba kifuani, asumini inanukia, wanja umekaa sawasawa, na kichwa kinanipiga kama ngoma ya chakacha. Nimepiga vigelegele huku machozi yananitoka, watu wakadhani nina mapenzi sana na binamu yangu.

Mafuta nayo. Shilingi 4,500 kichupa, nikanunua vitatu. "Wiki mbili utaona," aliniambia muuzaji. Nywele ya binadamu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, basi wiki mbili ni nusu sentimita, na hiyo ni kama shimo la kuoteshea bado liko hai. Yalikuwa yakiwasha, nikamwandikia, akajibu kuwa kuwasha ndiyo kuingia. Msusi alikuwa ameniambia kuuma ndiyo kushika. Nyumbani wakasema ni jicho. Jicho lipo, silikatai, lakini ni hasidi gani huyu anayefuata mstari wa msusi sawasawa, akafika kisogoni kusikovutwa akapaacha?

Mwisho nikapanda boti hadi Mokowe, basi la Mombasa, kutwa nzima barabarani, kwa daktari wa ngozi. Hakukaa nami dakika kumi. Alikuwa na kioo cha kukuzia chenye taa, akanipa na cha mkononi nijione. Mbele kabisa pamebaki ukanda mwembamba wa vinywele vifupi ambavyo mkono wa msusi haukuvipata. Nyuma ya ukanda, peupe. Akaniambia hiyo ndiyo alama ya nywele zilizovutwa. Kisha kwa kifuniko cha kalamu: hapa panang'aa, matundu hayaonekani, hapatarudi. Hapa bado matundu yapo, labda. Ile "labda" ilirudi, ikachukua miezi minane, kwa dawa aliyonipa na kwa kuacha kubana. Iliyobaki ndiyo hiyo Shela.

Sasa wewe umechanganya mambo mawili. Zinazotoka mafundo kichwa kizima ni za uzazi. Mimba huzizuia zisianguke, ukishajifungua zinaanguka kwa mpigo, kawaida mwezi wa pili hadi wa nne, na kwa wengi zinarudi zenyewe mtoto akikaribia mwaka. Hata asiyezaa hudondosha 50 hadi 100 kwa siku. Zikizidi muda huo kapime damu, wakutazame na madini ya chuma na tezi ya shingo. Kunyoa zote "zipate nguvu" ni bure, wembe unakata juu na mzizi hauna habari. Ile minoksidili ya shemejio, dawa ya kuotesha nywele, usiiguse, unanyonyesha, kwanza muulize daktari.

Hizo za uzazi usizililie. Za pembeni ndizo zilizoninyima usingizi, kwa sababu kuzaa hakuchagui juu ya masikio tu. Zile zimevutwa, na sasa ziko dhaifu mara mbili, nawe unataka kuzitundikia rasta. Simama dirishani mchana, jitazame. Kama ngozi haijang'aa na vitundu unaviona, bado una nafasi, na usimpe mtu aikalie.

Mimi nina sharia moja tu nyumbani kwangu: kichwa kikiuma, fumua. Usiku huo huo. Usisubiri harusi ipite, usisubiri kulegea kwenyewe, usihesabu ulilipa ngapi. Mwezi uliopita binti ya dada yangu alikuja na rasta za sikukuu, ana miaka tisa, nikamwona hawezi kuinua nyusi. Nilimkalisha barazani kwa taa ya simu, mimi na mpini wa kitana, saa tano hadi saa nane usiku. Dada yangu alinuna siku mbili kwa sababu ya pesa zake. Na anune. Ngozi ya mtoto ilikuwa imeshaanza ule ufuta.

Harusini kasuke matuta manene, yaliyolegea, yaanzie nyuma, za pembeni zibaki huru. Ukiona aibu, jaza asumini, hakuna atakayeuliza. Na msusi akikuambia hazitakaa, mwambie zisikae.

Uliuliza na maji ya chumvi ya kisima. Yanakausha nywele, zinakatikakatika, lakini mzizi hayaui, suuza kwa maji ya mvua ukiyapata. Mtandio nao hauna kosa, ila usiufunge kwa kukaza. Kulikuwa na swali jingine, nadhani la vidonge vya vitamini, au la kitunguu, sikumbuki. Wangu ameamka, nitarudi usiku. Lakini Ijumaa mpigie simu huyo msusi mapema umwambie huji, asije akakaa anakungoja na wale wateja wake wa foleni.