Unakwenda kufanya kazi Uarabuni? Jifunze haya kabla ya kufika uwanja wa ndege wa KIA

Wanaotoka Arusha na Moshi kwenda kufanya kazi Oman, Saudia, Qatar, Kuwait au Falme za Kiarabu huwa wameshaonywa kuhusu pombe, kitimoto na nguo za kubana. Maonyo hayo ni sahihi, na kwa kuwa kila mtu huyasema, wengi huyazingatia. Wanaponaswa ni kwenye dekio, beseni la kufulia, begi la nguo na simu. Binti aliyelelewa katika nyumba ya Kilutheri kule Marangu anaweza kuchapa kazi kwa adabu zote, na bado akaonekana anaidharau dini ya watu, kwa sababu hakuna aliyemweleza nyumba ya Kiislamu inaendeshwaje.

Tuanze na usafi, maana kwa mfanyakazi wa ndani ndiyo kazi yenyewe. Muislamu huswali mara 5 kwa siku, na huswali chini, paji la uso likigusa sakafu, zulia au mswala, yaani mkeka wa kuswalia. Mwili, nguo na mahali pa kuswalia lazima viwe na twahara, yaani usafi wa kidini. Mkojo wa mtoto, kinyesi na damu ni najisi, na najisi haiondoki kwa sababu tu sakafu inanukia sabuni. Wengi wakiona mtoto amekojoa sebuleni huchovya dekio kwenye ndoo, hupiga deki chumba kizima, kisha husuuza dekio katika ndoo ileile. Kwa mafundisho ambayo familia nyingi za huko hufuata, maji machache yakichanganyika na najisi yote huwa najisi, hata yakionekana masafi. Maana yake umeuchukua mkojo uliokuwa mahali pamoja ukautandaza sebule nzima, na baba mwenye nyumba anakuja kusujudu hapo hapo.

Fanya hivi. Kausha mkojo kwanza kwa kitambaa au karatasi. Mimina maji safi juu ya pale palipoloa, kausha tena, na urudie mpaka rangi na harufu vitoke. Baada ya hapo ndipo upige deki na sabuni yako. Dekio la chooni libaki chooni, na ndoo yake pia. Omba madamu, yaani mama mwenye nyumba, akununulie seti mbili zenye rangi tofauti, atafurahi kwamba umeuliza. Kwenye nguo utaratibu ni huohuo. Nguo yenye mkojo au damu isuuzwe peke yake kwenye maji yanayotiririka mpaka alama iondoke, ndipo iingie kwenye mashine. Usiiloweke beseni moja na kanzu au nguo za kuswalia. Na mbwa akilamba chombo, usikisuuze ukakirudisha kabatini. Mwambie mwenye nyumba, kwa sababu kwa Waislamu wengi chombo hicho huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo.

Sasa msahafu, yaani kitabu cha Qurani. Nyumba nyingi zina msahafu zaidi ya mmoja, na utaukuta kwenye rafu unayotakiwa kuifuta vumbi. Wanazuoni wengi wanasema haushikwi bila udhu, yaani bila kutawadha, kwa hiyo siku ya kwanza uliza: "Vitabu hivi niviguse, au utaviondoa mwenyewe?" Kama hakuna wa kumuuliza, futa pembeni yake uuache ulipo. Usiuweke chini, usiweke kitu juu yake, usiingie nao chooni. Jambo linalowaponza wasiosoma Kiarabu ni karatasi za kawaida. Gazeti la Kiarabu linaweza kuwa na jina la Mwenyezi Mungu au aya ndani yake, na daftari la mtoto la somo la dini limejaa aya. Ukifutia kioo cha dirisha, ukifungia maganda ya vitunguu au ukilitupa kwenye pipa la taka, umefanya kosa kubwa bila kujua. Kwako wewe usiyesoma maandishi hayo kanuni ni rahisi: kila karatasi ya Kiarabu iweke kando, mwenyewe aamue.

Anayeswali usipite mbele yake, na usimsemeshe. Hatakujibu mpaka amalize, na kumaliza ni dakika chache tu. Zima mashine ya kufagilia zulia adhana inapoanza. Mswala usiukanyage na viatu wala kandambili.

Begi ndilo linaloweza kukuletea balaa kubwa kuliko yote, na halizungumzwi vya kutosha. Huku kwetu si ajabu mtu kusafiri na chupa ya mafuta ya upako, maji ya maombi, unga wa dawa ya tumbo aliosagiwa na bibi, au kitambaa kilichoombewa. Saudia uchawi ni kosa la jinai ambalo watu wameuawa kwa hukumu ya mahakama, wakiwemo wawili mwaka 2011, na watumishi wa ndani kutoka Asia na Afrika wamewahi kushtakiwa. Askari au mwenye nyumba akikuta unga usio na lebo, chupa ndogo ya mafuta isiyo na jina na karatasi yenye maandishi ya mkono, haoni dawa ya tumbo. Anaona sihiri, yaani uchawi. Acha vyote nyumbani. Dawa zako ziwe kwenye pakiti ya duka la dawa, pamoja na cheti cha daktari. Ukifika huko usihifadhi nywele zilizotoka kwenye kitana cha mtoto wa nyumba, wala kucha, wala picha ya familia chini ya mto wako, hata kama unawapenda watoto hao kwa moyo wote. Nywele zako mwenyewe ukifumua, zifunge kwenye mfuko uzitupe siku hiyohiyo.

Biblia moja ya kusoma mwenyewe chumbani kwa kawaida si tatizo. Vipeperushi vya injili, nakala nyingi, au Biblia ya Kiarabu ya kumgawia mtu huhesabiwa kueneza dini, na kwa mgeni hilo ni kosa kisheria katika nchi hizi. Hata watoto wa nyumba wakikuuliza Yesu ni nani, wajibu kwa upole wamuulize mama yao.

Simu nayo ina mitego yake. Mlio wa pambio unaopigwa wakati wa swala, stetasi yenye mstari wa Biblia inayoonwa na madamu, video ya mtu anayeigiza adhana kwa mzaha uliyotumiwa kwenye kundi la ukoo nawe ukaisambaza: hiyo ya mwisho ndiyo hatari zaidi. Oman, kuutusi Uislamu au Qurani kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 10, na Falme za Kiarabu zina sheria maalumu dhidi ya kukashifu dini, yenye kifungo na faini kubwa mno kwa mshahara wa mlinzi. Huhitaji kuwa umeitengeneza wewe, kuisambaza kunatosha. Jitoe kwenye makundi ya utani wa dini kabla ya kupanda ndege. Na usidhani Kiswahili kinakuficha. Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na pwani yetu, wanakisema vizuri, na wanaweza kukusikiliza kimya mpaka umalize kusengenya.

Wanaolea watoto au kufundisha wawe waangalifu na majina. Mwaka 2007 mwalimu Muingereza, Gillian Gibbons, alihukumiwa kifungo cha siku 15 mjini Khartoum, Sudani, kwa sababu wanafunzi wake wadogo walimpa mwanasesere wa dubu jina la Muhammad na yeye akaliruhusu. Watoto walichagua kwa kura, kwa mapenzi tu, na bado mamia ya watu waliandamana barabarani. Alisamehewa na rais akarudishwa kwao. Mtu anaweza kuitwa jina hilo kwa heshima. Mnyama, mwanasesere au katuni, hapana.

Dalali akikwambia ubadilishe jina uwe Amina au Zainabu na useme wewe ni Muislamu ili upate kazi haraka, kataa. Fomu na kibali cha ukaazi cha Saudia vinataja dini, na uongo huo hukua kadiri siku zinavyokwenda. Utatakiwa kuswali, kufunga, na familia ikienda umra, yaani hija ndogo, utachukuliwa hadi Makka, ambako asiye Muislamu haruhusiwi kuingia. Ukija kusema ukweli wakati huo, utaonekana umeuacha Uislamu, jambo zito kuliko kosa lolote tulilolitaja hapa. Kutamka shahada, yaani maneno ya kuingia Uislamu, kwa Kiarabu ili kumfurahisha mwenye nyumba pia si mchezo wa maneno. Kama umeamini kweli, hiyo ni njia yako. Kama hujaamini, usitamke.

Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Kuwait, kula hadharani mchana kunaadhibiwa kwa faini hadi dinari 100, kifungo hadi mwezi 1, au vyote viwili. Oman ni kifungo cha siku 10 hadi miezi 3. Kula ni pamoja na kunywa maji kituo cha basi na kutafuna bigijii. Mlinzi aliye juani anywe maji kibandani, asionekane. Wewe wa ndani kula jikoni mlango umefungwa, na ujiandae kwa usiku mrefu, maana kazi huhamia kati ya futari na daku.

Ukitaka kusali kanisani, Muscat yapo makanisa Ruwi na Ghala, Dubai yapo Oud Metha, na Doha yapo ndani ya eneo moja lililotengwa Mesaimeer. Saudia hakuna hata moja. Sali chumbani, kwa sauti ya chini, na mkesha wa kupaza sauti usijaribu. Usishangae ibada kuu kuwa Ijumaa, kwa kuwa mapumziko ya wiki katika nchi nyingi za huko ni Ijumaa na Jumamosi.

Kabla ya safari, tafuta mama wa Kiislamu jirani yako, pale Pasua au Majengo kwa wa Moshi, Bondeni kwa wa Arusha. Mwombe akuonyeshe namna ya kutwaharisha sakafu na nguo, na ufanye kwa mikono yako mbele yake. Asubuhi moja inatosha.

Na ukikosea? Acha unachofanya. Usicheke, kile kicheko chetu cha aibu huko husomwa kama dharau. Mwanamume aseme "ana asif", mwanamke "ana asfa", kisha "ma kunt a'rif", yaani sikujua. Usilinganishe na dini yako, usijitetee kwa maneno mengi. Mambo yakifika polisi, omba mkalimani na usitie saini karatasi ya Kiarabu usiyoielewa. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait. Namba ya ubalozi iandike pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huwa ya kwanza kuchukuliwa. Ndugu nyumbani wabaki na nakala ya mkataba, ya pasipoti na jina la wakala aliyekupeleka, ili wakikosa kukusikia waende TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, au wizarani wakiwa na kitu mkononi.