Maswali Yenu kwa Mhandisi: Ndege za Jeshi na Kazi Isiyoonekana

SWALI: Shikamoo dada Mhandisi. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Umewahi kuandika kwamba unafanya kazi Uingereza upande wa ndege za kijeshi, lakini wewe si rubani wala si fundi. Sasa unafanya nini hasa? Na mtu kama mimi anaweza kuipata kazi hiyo? *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nalipwa kujibu maswali mawili: ndege itakaa muda gani kabla ya kuharibika, na ikiharibika itachukua muda gani kurudi angani. Fundi anashika spana, mimi nashika kumbukumbu zake. Kila hitilafu huandikwa: saa ambazo ndege imeruka, kifaa kilichovuliwa, kilikutwa na nini, kazi ilichukua muda gani. Asubuhi zangu nyingi zinaishia humo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua ndege ambayo kwa wastani hukaa kazini saa 90 ndipo iharibike, na kuitengeneza huchukua saa 10. Itakuwa tayari asilimia 90 ya muda wote. Ukihangaika na vifaa vyake mpaka ikae saa 180 bila kuharibika, utafika karibu asilimia 95. Lakini ukiacha vifaa vilivyo, ukapunguza matengenezo yawe saa 5 tu, utafika pale pale. Vijana wengi wanaokuja kwetu wanapenda kukimbilia njia ya kwanza, kwa sababu inaonekana ndiyo uhandisi wenyewe. Mimi naipenda zaidi ya pili. Pengine ni kusogeza kifuniko mahali mkono unapofika, au kuhakikisha nati zote za sehemu moja zinafunguliwa na spana moja.

Waliobuni ndege ya Marekani ya A-10 walilielewa hilo. Injini ya kushoto huweza kufungwa kulia, na ya kulia kushoto, na hata miguu mikuu ya magurudumu inabadilishana. Stoo inaweka kifaa cha aina moja badala ya viwili. Na usisahau fundi wa jeshi anafanyia kazi wapi: usiku, kwenye baridi, pengine amevaa glavu nene au suti ya kujikinga na kemikali. Kwa hiyo wakati wa majaribio tunamvalisha vyote hivyo, tunamwambia abadilishe pampu, nasi tunashika saa. Mchoro uliopendeza ofisini unaweza kuonekana haufai kabla pampu haijatoka.

Jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote ni kifaa kinachovuliwa kwenye ndege, kinapelekwa karakana, kinapimwa, kinarudi na karatasi inayosema ni kizima. Kinafungwa tena, baada ya safari chache rubani analalamika vilevile. Mara nyingi ubovu uko kwenye waya au kiunganishi chenye kutu, na kifaa cha watu kinasingiziwa tu. Utaugundua ikiwa fundi aliandika alichokiona na hali ilivyokuwa: mvua, mtikisiko, injini ikiwa ya moto. Akiandika "kimebadilishwa" peke yake, sina pa kuanzia. Ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi wanaoandika vizuri, na nawatetea wanapohitaji muda wa kuandika.

Kuhusu kuajiriwa, nisikufiche. Kazi hizi zinahitaji kibali cha usalama. Uingereza kwa kawaida wanataka uwe umeishi humo miaka 5 hivi kabla ya kuchunguzwa, na nafasi nyingine ni za raia tu. Marekani kibali cha kushika siri za jeshi kwa kawaida ni cha raia. Ila hesabu hizi hazina uraia. Ni zile zile za ndege za abiria, za mitambo ya umeme, za treni ya SGR inayopita hapo kwenu. Soma takwimu kwa bidii, hasa mgawanyo wa Weibull, yaani hesabu inayoonyesha uwezekano wa kifaa kuharibika unavyobadilika kadiri kinavyotumika. Ukienda mafunzo kwa vitendo, omba uone daftari la hitilafu la mtambo mmoja, ulisome lote.

SWALI: Mwanangu, mimi nilikuwa fundi wa malori mpaka nikastaafu. Gari la safari ndefu tulilifungua mara kwa mara, maana ukichungulia sana unaukuta ubovu mapema. Ndege za jeshi zina fedha za serikali. Kwa nini zisifunguliwe kila wiki, vifaa vikabadilishwa kabla havijachoka? *Mzee wa Tanga*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hata wakubwa wa jeshi waliamini hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na ndege za Liberator zikiwinda nyambizi, na kila baada ya saa 50 za kuruka zilikaguliwa. C. H. Waddington, mtaalamu wa biolojia aliyeingizwa kwenye kazi ya hesabu za vita, alipanga hitilafu kwa kufuata saa. Akakuta hitilafu zinapanda mara tu baada ya ukaguzi, kisha zinashuka polepole. Kule kufungua na kufunga kulikuwa kunaleta ubovu mpya.

Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la United Airlines waliandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti juu ya jambo hilo. Katika vifaa vya ndege walivyochunguza, ni asilimia 11 tu vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya. Ukikivua kizima ukafunga kipya, huenda umeiongezea ndege hatari, tena kwa gharama.

Vipo vinavyobadilishwa kwa kuhesabu saa au safari tu: diski za injini, miguu ya magurudumu, vyuma vinavyochoka kwa kubeba mzigo. Hesabu ikitimia vinatoka hata viking'aa.

Lakini kutokugusa ovyo si ruhusa ya kutokufikiri. Tarehe 2 Septemba 2006 ndege ya doria ya jeshi la Uingereza aina ya Nimrod, namba XV230, ilishika moto juu ya Afghanistan baada ya kujazwa mafuta angani. Watu 14 walikufa, na hakuna adui aliyeipiga. Mafuta yalivuja yakafikia bomba la hewa ya moto. Uchunguzi wa Charles Haddon-Cave, uliotolewa mwaka 2009, ulikuta kwamba miaka michache kabla ya ajali waliotakiwa kuandika hatari za ndege hiyo walifanya kazi kwa dhana kuwa ni salama tu, kwa sababu imeruka miaka mingi. Hatari ile ingeweza kunaswa kwenye karatasi. Jedwali la hitilafu likinifikia na mstari mmoja haujajazwa, nalirudisha, hata kama ndege inasubiriwa. Wanaolaumu kuchelewa nawaeleza habari za wale 14.