Mysore: usiondoke kabla ya Jumapili jioni

Ukimsindikiza mgonjwa Bangalore, India, kazi yako kubwa ni kusubiri. Vipimo leo, majibu keshokutwa, daktari yuko safarini hadi Jumatatu. Mimi nilikuwa na shangazi yangu, goti linamsumbua, na baada ya wiki mbili kuta za nyumba ya wageni zilituchosha. Tukapanda treni kwenda Mysore, kilomita kama 140 hivi.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tulikwenda Jumatano, tukarudi jioni ileile. Kasri la wafalme wa Mysore tuliliona, lakini tuliliona kama vile umeenda harusini ukaondoka kabla bibi harusi hajatoka. Maana taa za lile kasri, karibu laki moja, huwashwa rasmi Jumapili jioni na siku za sikukuu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: panga safari yako iguse Jumapili jioni, halafu ulale.

Sisi tulirudi Jumamosi iliyofuata.

Kasri lenyewe nenda asubuhi linapofunguliwa, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika. Viatu vinavuliwa nje, kwa hiyo vaa kandambili na uweke soksi mfukoni. Sakafu ya ndani ni baridi, lakini jiwe la uani likishapigwa na jua la mchana utacheza ngoma usiyoijua. Kasri hili si la kale kama watu wanavyodhani. La zamani lilikuwa la mbao, likaungua mwaka 1897 wakati wa harusi ya binti wa kifalme. Hili la sasa lilichorwa na Mwingereza, Henry Irwin, likamalizika 1912. Simama kwenye ukumbi wa harusi, wenye pembe nane, uinue kichwa: dari ni la vioo vya rangi vilivyojaa tausi, na nguzo zake za chuma zilitengenezwa Glasgow. Shangazi aliangalia weee, kisha akasema, "Mwanangu, hawa waliunguliwa mara moja, safari hii wakajenga kwa chuma."

Kilimani Chamundi kuna hekalu la mungu wa kike anayesimuliwa kuwa alimuua zimwi Mahishasura, na jina la mji limetoka kwa zimwi huyo. Kuna ngazi kama elfu moja. Wenye magoti mazima wapande. Sisi tulichukua gari, tukateremkia penye Nandi, fahali mkubwa wa jiwe moja aliyechongwa karne ya 17.

Sasa bajaji. Ndiyo, zilezile za kwetu. Dereva akikuambia soko limefungwa leo, au ana "duka la serikali" la hariri lenye punguzo, jua anakwenda kuchukua kamisheni. Sisi tulipelekwa, tukanyweshwa chai, na nikatoka na mtandio niliouziwa kuwa hariri halisi. Ulipofuliwa mara moja ukasema ukweli. Hariri ya Mysore ipo na ni nzuri mno, ila kainunue kwenye duka la kiwanda chenyewe, bei imebandikwa, hakuna chai.

Soko la Devaraja halikuwa limefungwa, bila shaka. Kwa mtu wa pwani, hapo ndipo nyumbani: vilima vya unga wa rangi, ndizi, udi wa vijiti, mafuta ya sandali, na asumini inauzwa ikiwa imetungwa, wanawake wanaivaa kichwani. Shangazi alinunua, akaivunja upya akatunga kikuba chake cha Kitanga, na wauza maua wakamzunguka kumwangalia. Hatukuwa na lugha, wao Kikannada, yeye Kiswahili, lakini walielewana kuliko mimi na yule dereva.

Watu wengi huishia hapo. Usiishie. Srirangapatna iko chini ya kilomita 20, kisiwani katika mto Kaveri, na ndiko ulikokuwa mji mkuu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore wa karne ya 18 (usimchanganye na Tippu Tip wetu). Tipu aliuawa hapo tarehe 4 Mei 1799 akipigana na Waingereza. Jumba lake la kiangazi, Daria Daulat, ni la mbao za msaji, na ukutani kuna picha kubwa ya vita vya Pollilur vya 1780, ambavyo Waingereza walishindwa. Kisha nenda kaburini kwake, Gumbaz, alipolala na wazazi wake kati ya nguzo za jiwe jeusi linalong'aa. Shangazi aliwasomea Fatiha, taratibu, bila haraka. Mimi ningekuwa na siku moja tu, ningepunguza kilima nikaja huku.

Jumapili, ingia uwanja wa kasri mapema kidogo kuliko saa moja usiku, utafute pa kukaa. Bendi inapiga, watoto wanakimbia, giza linaingia. Halafu taa zote zinawaka kwa pamoja, na umati mzima unatoa sauti moja: "Aaah!" Shangazi alisahau goti, akasimama.

Kesho yake asubuhi, kabla ya treni, nunua Mysore pak: unga wa dengu, sukari, na samli isiyo na aibu. Kitamu hiki kilizaliwa katika jiko la kasri. Nunua boksi mbili kama una watu wa kuwapelekea. Sisi tulinunua moja, na halikufika Mandya, mji ulio njiani kurudi Bangalore.