Kabla hujaongeza feni kwenye keisi ya kompyuta, jua kwanza upepo unapita wapi

Mwezi wa pili mwaka jana nilikuwa na video ya harusi inatakiwa Jumatatu asubuhi na kompyuta ikaanza kunisumbua, kurenda, yaani kuitoa video kamili baada ya kuihariri, ambako siku zote kulikuwa kunakula dakika 40 kukawa kunavuka saa nzima, feni zinalia mpaka mtoto chumba cha pili anaamka, nikigusa kioo cha pembeni cha keisi nasikia moto kiganjani. Wanaokaa Dar wanaijua hiyo miezi, mchana digrii 32 na unyevu juu yake, na chumba changu kiko chini ya bati bila dari. Nikampigia fundi, akasema ongeza feni. Nikaenda Kariakoo nikarudi na pakiti ya feni tano zenye taa, akaja akazifunga zote, keisi ikapendeza kweli, nikawasha tena kurenda, GPU, ile chipu ya kadi ya picha, ikapanda mpaka digrii 84. Kabla ya hapo ilikuwa 82.

Hiyo ndo siku nilianza kusoma hii kitu kwa makini, na naandika sababu naona watu wengi wanapoteza hela pale pale nilipopotezea mimi.

Kitu cha kwanza, pima kabla hujagusa bisibisi. Shusha HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, ni ya bure, halafu pigisha mashine kazi yako ya kawaida nusu saa nzima, sio dakika tano, maana chuma kinachukua muda kupata moto, kisha andika joto la prosesa na la GPU. Na uandike na joto la chumba, hii watu wanaisahau kabisa. Feni haitengenezi baridi jamani, feni inahamisha hewa tu, kwa hiyo ndani ya keisi hakuwezi kuwa na ubaridi kuliko chumba chenyewe. Mtu yuko Arusha mwezi wa saba chumba kina 19 anakwambia GPU yake 65, wewe uko Dar chumba 32 yako inasoma 76, ukitoa unakuta yeye tofauti ni 46 na wewe ni 44, maana yake keisi yako inapumua vizuri kuliko yake. Linganisha hiyo tofauti, namba peke yake itakudanganya.

Baada ya hapo fanya jaribio moja dogo ambalo kwangu ndo lilinifungua macho. Kazi ikiwa inaendelea, toa kile kioo cha pembeni uweke kando, subiri dakika kumi uangalie namba tena. Zikishuka digrii mbili tatu, keisi yako haina shida kubwa, tafuta tatizo kwingine, pengine pesti ya prosesa imekauka au hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, imejaa vumbi. Mimi ilishuka digrii 11. Digrii 11! Hapo hakuna ubishi, keisi ilikuwa inakabwa, hewa ya kuingia haipo, na feni tano zote zilikuwa zinazungusha hewa ile ile ya moto humo humo ndani.

Fikiria nyumba. Chumba chenye dirisha moja, hata uweke feni kubwa ya kusimama, utapulizwa joto lako mwenyewe usiku kucha. Fungua dirisha upande unaotoka upepo na mlango upande wa pili, hata feni usiwashe, unalala. Keisi ni hivo hivo, inataka pa kuingilia, pa kutokea, na katikati hewa ipite juu ya vitu vyenye moto. Mpangilio unaofanya kazi kwenye keisi nyingi za kawaida ni mbele kuingiza, nyuma kutoa, na juu upande wa nyuma kutoa pia kama kuna nafasi. Watu wanasema hewa ya moto inapanda juu kwa hiyo lazima feni za juu ziwe nyingi, ni kweli inapanda, ila hiyo nguvu ni ndogo sana ukilinganisha na feni ya milimita 120, feni inaisukuma inakotaka yenyewe.

Sasa kugeuza feni. Hapa ndo fundi wangu aliteleza. Feni ina sura mbili, upande ulio wazi ambao unaona panga zote vizuri, na upande wenye mikono ile ya plastiki inayoshika mota. Kwenye feni za kawaida hewa inaingia kwa upande wa wazi na kutokea upande wa mikono. Basi feni yangu ya nyuma ilifungwa sura ya wazi ikiangalia ukutani, nadhani aliona hivo taa zitaonekana, kwa hiyo ilikuwa inavuta ndani ile hewa ya moto inayotoka kwenye powasaplai na kuirudisha kwenye prosesa. Ukiwa na mashaka, chukua kipande cha tishu, kisogeze karibu, kikinata inavuta, kikipeperuka inatoa. Au washa kijiti kimoja cha udi ukipitishe taratibu nje ya keisi, moshi utakuonyesha kila kitu, mpaka zile sehemu ambazo hewa imetoka halafu inapinda inarudi tena ndani. Mimi nilikaa na ule udi karibu saa nzima, nikaona hata kwenye tundu za nyuma chini ya GPU moshi unaingia wakati nilidhani unatoka.

Feni nyingine iliyokuwa inaniharibia ni ile ya juu upande wa mbele. Ukiiweka kutoa, inaivuta hewa safi iliyoingia mbele sasa hivi na kuitupa nje kabla haijafika kwenye hitisinki ya prosesa, yaani umelipia upepo halafu unaumwaga. Niliichomoa tu, ile nafasi nikaiacha, na prosesa ikashuka digrii 3 hapo hapo kwa kupunguza feni.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa mbele. Keisi yangu mbele ni kioo kitupu, pembeni yake kuna upenyo mwembamba hata kidole hakipiti, na nyuma ya kioo feni tatu zinahangaika kuvuta. Kama bado hujanunua keisi nakuomba sana, nunua yenye wavu mbele, uzuri wa kioo utausahau ndani ya wiki moja lakini joto hutalisahau. Kama umeshanunua kama mimi, usiitupe. Nilitoa kile kioo nikaenda kwa fundi wa aluminiamu mtaani, wale wanaotengeneza madirisha, akanikatia fremu nyembamba akaivisha wavu wa mbu, nikaibana na sumaku ndogo. Ule wavu unakaba upepo kidogo, ila unashika vumbi kubwa na manyoya ya paka, na ukichafuka nauchomoa nausuuza bombani, nauanika ukauke kabisa kabla sijaurudisha.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Feni za kuingiza zikiwa na nguvu kuliko za kutoa, hewa ya ziada inatafuta pa kutokea kwenye kila upenyo, kwa hiyo vumbi linaingilia mbele tu ambako kuna chujio. Ukifanya kinyume, feni za kutoa zikawa nyingi, keisi inanyonya hewa kutoka kila tundu lisilo na chujio, nyuma, chini, kwenye maungio, na miezi miwili ukifungua unakuta blanketi. Kwa miji yetu yenye vumbi mimi nasimama na kuingiza zaidi ya kutoa. Saivi nina mbili mbele na moja nyuma basi, tatu tu, zile mbili nilizobaki nazo nimempa jirani. Na ukisafisha kwa blowa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, ukiziacha zikimbie na upepo wa blowa unaweza kuua beringi.

Kuhusu waya nitasema kidogo tu, zipitishe nyuma ya madabodi, ile bodi kuu, usiache fungu la waya mbele ya feni za kuingiza, inatosha. Ila soketi za feni angalia vizuri. Yenye pini 4 inapokea amri ya spidi kwenye pini ya nne, yenye pini 3 inapunguzwa kwa kushusha volti, na kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, lazima uchague PWM (ya pini 4) au DC (ya pini 3) kulingana na feni uliyonayo, ukiweka PWM kwa feni ya pini 3 itakimbia spidi ya mwisho muda wote na utalaumu feni bure. Pia soketi nyingi za madabodi zimewekewa kikomo cha ampea 1, soma stika ya nyuma ya feni kabla hujaunga feni nne kwenye soketi moja.

Halafu kuna hili ambalo lilinichukua wiki mbili kuligundua. Feni za keisi, ukiziacha zilivyo, mara nyingi zinafuata joto la prosesa. Mimi narenda kwa GPU, prosesa imetulia kwenye 55, kwa hiyo feni za keisi zinajua hakuna kazi, zinazunguka polepole, na huku GPU inaungua na joto lake lote inalimwaga humo humo ndani ya keisi. Nikaweka programu inaitwa FanControl, ya bure pia, nikaziambia feni za mbele zifuate GPU, spidi asilimia 40 ikiwa chini ya digrii 50, zipande taratibu mpaka asilimia 100 ikifika digrii 78. Kelele zikapungua maana hazirukiruki tena, na moto haupandi kufika kule juu.

Mwisho ni mahali unapoiweka. Ilikuwa kwenye kabati la meza, mlango wa nyuma umezibwa, nikaitoa nikaiweka juu ya stuli, nyuma nimeacha kama sentimita 20 kutoka ukutani, na isiangaliane na dirisha la upande wa jua. Hapo ndo nikapima tena, chumba 31, nusu saa ya kurenda, GPU 73, na ile kazi ya dakika 40 imerudi dakika 40.

Kama una keisi ya kioo kama yangu, anza na jaribio la kutoa kioo cha pembeni leo usiku, kabla hujaenda dukani.