Biskuti za saa kumi kwa mama mwenye sukari: mimi nilihamia kwenye mboga mbichi

Dada, umeuliza umpe mama nini, maana daktari amempunguzia biskuti na mkate, na saa kumi jioni amezoea kutafuna kitu. Mimi nimeyapitia hayo na mama mkwe wangu hapa Goma, mwaka wa tatu sasa. Mboga mbichi zinafaa sana, ila kila moja ina kitu chake inachoweza kubeba.

Nilianza na tango, konkombre tunavyoita huku. Nililikata jembamba, nikapaka avoka, yaani parachichi. Kabla chai haijapoa sahani ilikuwa imelowa, mama akaisukuma pembeni. Tango ni maji, kama asilimia 95. Siku hizi nalipasua kwa urefu, nakomba mbegu kwa kijiko, nafuta kwa kitambaa safi, halafu nakata vipande vya kidole kimoja kimoja, kama mitumbwi midogo. Avoka inaingia wakati wa kula, si mapema. Wengine hulinyunyizia chumvi ili litoe maji, lakini mama ana presha pia, kwa hiyo chumvi niliiacha.

Karoti ndiyo iliyomrudisha mezani. Niligundua alikuwa anatamani ule mlio wa meno kuliko unga wenyewe. Ikate mshazari upate vipande vipana, upake karanga zilizosagwa bila sukari. Watu wanaogopa karoti kwa utamu wake, lakini gramu 100 zina wanga gramu 10 hivi, wakati biskuti za kawaida zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga.

Kabichi za Kibumba, karibu na mji wetu, nazipenda kwa majani ya ndani, yale yaliyojikunja: yanabeba sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa kubanika na limau bila kuvunjika. Pilipili hoho huibeba fromaji (jibini) ya Masisi, kipande chembamba tu.

Mambo mawili usiyapuuze. Kama mama anachoma insulini au anameza vidonge vya sukari, mwambieni daktari kabla ya kumwondolea wanga, maana sukari inaweza kushuka mno, naye akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Na maji! Kipindupindu tunakijua mji huu. Chakula kisichopita motoni kioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, karoti na tango uzimenye, kisu na ubao viwe safi. Maji ya ziwa yaliyoletwa kwa bidoni (madumu) usiyatumie hivi hivi.

Jambo jingine lilinichukua miezi kulielewa. Nilipomwekea sahani yake peke yake, alijiona mgonjwa na hakula. Sasa sahani ni moja katikati ya meza, watoto wanachukua, baba anachukua, na kisu cha kupakia nampa mama mwenyewe. Anza na hoho nyekundu ukizipata sokoni, ni tamu kuliko za kijani.