Maswali yenu: kupanga nyumba Chantilly, mji wa farasi

SWALI: Yaya, jambo. Niko mama wa watoto wawili, tunaishi Katuba hapa Lubumbashi. Bwana yangu amepata kazi Paris karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, karatasi zetu zote ziko sawa, tunaondoka mbele ya masomo kuanza. Mwenzake wa kazi anamwambia tupange nyumba Chantilly, ati ni mji mtulivu wa mbio za farasi, watu wanalala kule wanatumika Paris. Mimi Chantilly najua ile krimu ya juu ya gato tu. Mtu wa kawaida anaweza ishi pale ao ni ya matajiri? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, hongereni sana. Kwa kazi ya bwana yako Chantilly imekaa vizuri, treni ya TER (treni ya mkoa) inamshusha palepale Gare du Nord kwa dakika kama 25, ile ya RER D (treni ya vitongoji vya Paris) inasimama-simama kwa hiyo inachukua karibu mara mbili. Lakini sikia hapa, maana ndipo wageni wengi wanaumia: Chantilly haiko mkoa wa Paris, iko jimbo la Oise, na ile karti ya Navigo ambayo watu wa Paris wanalipa mara moja kwa mwezi na kupanda kila kitu, kule haifiki. Bwana yako atalipa abonema ya treni ya peke yake, na ni bei kweli. Sheria ya Ufaransa inamlazimisha patron kurudisha nusu ya abonema, basi aulize hiyo mapema, isimpite. Pigeni hesabu ya nyumba pamoja na treni kwa miaka mitatu hivi, si nyumba peke yake.

Na nyumba, ndiyo, Chantilly yenyewe iko ghali. Watu wa mfuko mdogo wanapanga Creil, treni inaendelea kidogo tu kaskazini, bei inashuka sana. Mimi ningeanzia kutafuta hapo, watoto wakishazoea mtaangalia tena.

Sasa farasi. Usifikiri ni mapambo ya watalii, ni kazi ya mji. Mbio za kwanza zilikuwa 1834, mbio kubwa ya Prix du Jockey Club ikaanza 1836, ile ya Prix de Diane 1843, na zote mbili zinakimbiwa mpaka leo, watu wa Paris wanajaa treni kuja kuziangalia. Kando ya uwanja wa mbio kuna zizi ambalo mtu akiliona anasema ni jumba la mfalme, lilijengwa 1719 mpaka 1735, lilikuwa linaweka farasi 240 na mbwa wengi wa kuwinda! Leo kuna farasi wa mbio zaidi ya 2,000 wanafanya mazoezi pale na miji ya jirani kama Gouvieux na Lamorlaye, kila asubuhi wanapita msituni kwenye njia za mchanga, na kuna njia ambazo asubuhi ni za farasi peke yake, wewe na watoto mtatembea mchana. Ukikuta farasi barabarani simama, usipige kelele, usimpite mbio, ile nyama ikishtuka inaweza kumuua mwenye kuipanda.

Kitu kimoja kinanigusa sana juu ya mji ule. Waliofanya ile kazi ya farasi miaka ya 1800, wengi walikuwa Waingereza, walikuja na familia zao mpaka wakawa na kanisa lao la Anglikana, lingali pale. Sisi wa Lubumbashi tunaelewa hiyo, mji wetu nao uliota pembeni ya migodi na watu walioletwa kutoka Kasai, Rodezia na Rwanda. Kwa hiyo mama usiingie Chantilly kichwa chini, wageni njo walitengeneza jina lake.

SWALI: Kaka yangu yuko Maisons-Laffitte, anasema naye yuko mji wa farasi, lakini nasikia uwanja wao ulifungwa. Kumbe anatudanganya? (Papa J., Bukavu)

JIBU: Hapana papa, hadanganyi. Uwanja ulifungwa kweli mwaka 2019, juu ya mambo ya pesa, na wakazi waliupigania sana. Ila mazoezi ya farasi hayakuondoka. Wako ndani ya Parc, mtaa wa pale, ambayo zamani ilikuwa shamba la chateau moja iliyochorwa na Mansart, mchoraji wa majengo, halafu kuanzia 1834 benkia Jacques Laffitte akaikata parsele-parsele akauza, na ile mji ikabeba jina lake 1882. Mama wa Katuba soma hii pia: pale iko mkoa wa Paris, RER A inafika, Navigo inakubali. Nyumba nazo si rahisi.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 15 yuko Ufaransa kwa shangazi yake, anataka kujifunza kazi ya farasi. Iko masomo? (Mama wa Goma)

JIBU: Iko. Gouvieux, jirani na Chantilly, kuna shule ya AFASEC, ya kufundisha kazi za farasi wa mbio, wanasoma darasani na wanatumika kwenye mazizi, wanatoka na diploma ya kutunza na kupanda farasi wa mbio. Si wote wanakuwa joki (mpanda farasi wa mbio), uzito unawakataa wengi, lakini kazi ya zizi inaajiri. Shangazi ampeleke kuona asubuhi mapema kabisa, wakati wa baridi, ndipo mtoto aamue.