Gari lililonigonga lilikuwa la wizi: nimdai nani?

Swali

Jambo Metre, wakili wetu. Mimi ni mwalimu, nina Toyota IST ya usukani wa kulia, na asiransi (bima) yake nililipa mwezi wa pili kwa kujibana. Ijumaa iliyopita, saa moja kasoro robo jioni, nilisimama pembeni ya lami hapa Katuba, Lubumbashi, nikashuka kununua mkate. Shemeji yangu alibaki ndani, kiti cha mbele. Toyota Noah moja ikaja bila taa, ikabonyeza ubavu wote wa kushoto, ikaenda kuishia mtaroni. Dereva akatoka mbio kwa miguu, sandali moja akaiacha. Shemeji amevunjika mkono. Polisi wa rulaje (wa barabarani) walikuja, wakaandika. Jumatatu, kwa kufuata plaki (namba ya gari), tukampata mwenye Noah, baba mmoja wa Bel-Air. Anasema gari lake liliibwa. Asiransi yake inasema: gari la wizi, hatulipi. Asiransi yangu inasema: wewe hukugonga mtu, sisi tulipe nini? Fundi wa bodi ameniandikia devi (hesabu ya matengenezo) ya dola 850. Sasa mimi niende wapi?

Baba Mapasa, Katuba

Jibu

Baba Mapasa, pole sana, na unisalimie Mbuyi na Kabanga. Hukutaja majina yao, lakini nani hapa kwetu asiyejua mapasa (mapacha) wanaitwaje?

Nitaanza na mkono wa shemeji. Devi ya fundi umeniandikia mpaka tarakimu ya mwisho, ila hukusema kama shemeji ana karatasi yoyote ya daktari. Rudi kwa OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza) mwenye faili, umwombe rekizisio, ile barua inayomtaka daktari amwangalie aliyeumia na aandike alichoona: ni mfupa gani, na siku ngapi hataweza kufanya kazi. Fakture (ankara) zote ziwekwe, ya picha, ya plasta, ya dawa, na ziandikwe kwa jina lake shemeji. Yeye ana dai lake, wewe una lako. Nimeshaona familia inakubali pesa ya bampa na kutia sahihi karatasi inayosema "hatudai tena chochote", huku mgonjwa bado amefungwa plasta. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, iwe ya ofisi au ya huyo baba wa Bel-Air, usiitie sahihi siku hiyohiyo.

Jambo lingine kuhusu shemeji. Sisi hapa Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari lako lina usukani kulia. Ukisimama pembeni kama inavyotakiwa, wewe unashukia upande wa mtaro, na abiria wa mbele anabaki upande wa magari yanayopita. Atakuja mtu kukuambia kwamba uliegesha vibaya, na ushahidi wake utakuwa kwamba aliyeumia ni wa kushoto. Kwa hiyo rudi pale penye meza ya mikate, piga picha, pima kwa hatua kutoka ukingo wa lami hadi tairi lako lilipokuwa. Mama wa mikate mwombe jina na namba ya simu kabla hajahamisha meza.

Sasa asiransi yako mwenyewe. Walivyokujibu inauma, lakini hawajadanganya. Ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo inalipa hasara uliyomtia mwenzako. Gari lako halimo. Wengi wetu tunanunua hiyo tu, ili karatasi ionekane kwenye kioo na polisi atuache tupite. Hata hivyo, chukua kontra (mkataba) yenyewe, usiishie kwenye ile karatasi ya kiooni, uisome ukurasa wa masharti maalumu. Tafuta maneno ya Kifaransa kama "défense et recours", au "personnes transportées". La kwanza likiwepo, wanapaswa kukusaidia kumfuata mwingine. La pili likiwepo, mkono wa shemeji una mlango wa karibu kuliko ule wa Bel-Air. Ukiona "tous risques", yaani asiransi inayolipa hata gari lako mwenyewe, basi unisamehe, nimekudharau. Na hata kama hakuna hata moja, watangazie ajali kwa barua wiki hii. Kontra huhesabu siku, hazihesabu miezi.

Tuje kwa Noah, maana hapo ndipo kuna maneno.

Huyo baba anasema "liliibwa" na asiransi yake inaliitikia kana kwamba ni amina. Mimi nauliza: liliibwa lini, saa ngapi, na nani ameliandika? Mwizi anapokamata usukani, mwenye gari anaweza kusema hakuwa tena na uwezo juu ya gari. Hoja hiyo ina uzito. Kodi yetu ya sivili (si ushuru, ni mkusanyo wa sheria za madai), kitabu cha tatu, ni ya mwaka 1888, tumeirithi kwa Wabelgiji nao wakiwa wameitoa kwa Wafaransa. Kifungu cha 260 kinasema unajibu pia kwa madhara ya kitu kilicho chini ya ulinzi wako. Wafaransa waligombania neno hilo miaka mingi kwa ajili ya gari la daktari mmoja, Franck, lililoibwa katika mji wa Nancy usiku wa Krismasi 1929 na kumuua mpeleka barua. Mahakama yao kuu ilikata maneno mwezi wa 12 mwaka 1941: aliyenyang'anywa gari hana tena ulinzi juu yake. Hukumu ya Paris si sheria ya Lubumbashi, lakini usishangae avoka (wakili) wa upande wa pili akiifungua mezani.

Ila hoja hiyo yote inasimama juu ya wizi wa kweli, uliotokea kabla ya ajali. Nilishika kesi moja inayofanana na yako. PV (ripoti rasmi ya polisi) ya rulaje ilisema mgongano ulitokea 18h40. Mwenye gari alikuwa na nakala ya lalamiko lake la wizi, nzuri, yenye muhuri. Niliisoma mara mbili kwenye benchi la korido, mara ya tatu nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniangalia. Gari liliibwa, kwa maandishi yake mwenyewe, saa 19h00. Yaani liligonga kwanza, ndipo likaibwa. Mwishowe ilijulikana kwamba "mwizi" alikuwa dereva wake wa kazi, aliyelichukua kwenda kunywa. Kwa dereva wa kazi, kifungu hichohicho cha 260 kina maneno mengine kabisa: bwana anajibu kwa mtu aliyemtuma. Asiransi ikarudi mezani.

Kwa hiyo nataka uone nakala ya lalamiko la wizi la huyo baba wa Bel-Air. Tazama tarehe, saa, na kituo kilichopokea. Kama alilitoa Jumatano au Alhamisi, ana nguvu. Kama alilitoa Jumatatu baada ya nyinyi kubisha mlango wake, tutazungumza vingine. Kisha funguo. Noah ilivyokuwa mtaroni, ufunguo ulikuwamo? Waya chini ya usukani zilikuwa zimevutwa? Kioo kimevunjwa? Mtaa mzima ulikusanyika pale na kila mmoja na simu yake. Hizo picha zipo, zitafute. Mwizi wa barabarani hana ufunguo, isipokuwa ameachiwa. Na aliyeacha ufunguo ndani, injini ikinguruma mbele ya duka, atakutana na kifungu cha 259, kinachohusu uzembe. Hapo humdai mwizi, unamdai yeye kwa uzembe wake. Sikuahidi kwamba hakimu atakubali, nakwambia tu kwamba ni swali la kuulizwa.

Asiransi yake usiridhike na jibu la kaunta. Andika barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Waambie wakukatalie kwa maandishi na wakutajie ni kipengele gani cha kontra kinachoondoa wizi. Mara nyingi kinakuwemo, lakini lazima wakionyeshe. Mtu anayekataa kwa mdomo huwa mkali. Akiambiwa aandike anaanza kusema "turudie faili". Wakikataa kwa maandishi na sababu ikawa haieleweki, kuna ARCA, mamlaka inayosimamia kampuni za asiransi chini ya kodi ya asiransi ya mwaka 2015. Iko Kinshasa, lakini barua inasafiri.

Na mwizi mwenyewe? Weka lalamiko parike (ofisi ya mwendesha mashtaka), dhidi ya mtu asiyejulikana, useme wazi kwamba unadai fidia. Akikamatwa, utajiunga na kesi kama upande wa sivili, bila kuanza upya. Anaweza kukamatwa hana hata dola 8, lakini jina lake ndilo litakalotuambia kama alikuwa mgeni au mpwa wa nyumbani.

Umshukuru Mungu kwamba plaki ilikuwa ya hapa. Ingekuwa ya Zambia, imepanda kutoka Kasumbalesa, tungeanza kwanza kutafuta karte ya njano ya COMESA, ile asiransi ya magari yanayovuka mpaka, kisha ndiyo turudi kwenye haya yote.

IST usiitengeneze bado, mpaka iwe imeonwa na expert (mtaalamu wa kukagua hasara) na picha zimepigwa pande zote. Ukilazimika kuitembeza ili upeleke watoto shule, vile vipande vya mlango vilivyotolewa viweke nyumbani.

Na ile sandali, imo kwenye PV? Kama haimo, itie kwenye mfuko, mpelekee OPJ, na usiondoke mpaka ameiandika: mguu gani, rangi gani, namba ngapi.